Ukifa Unarudishwa Wapi? Metroid Dread, Axiom Verge au Cave Story

Mpwa wangu aliniuliza juzi: "Mjomba, kati ya Metroid Dread na Axiom Verge, ipi kali?" Nikamrudishia swali: wewe ukifa kwenye gemu, unacheka au unarusha pedi? Akadhani namkwepa. Lakini kwangu hilo ndilo swali la kwanza kwa yeyote anayetaka kuingia kwenye gemu hizi za kuruka, kupiga risasi na kupekua sayari ngeni, maana humo utakufa. Utakufa sana. Na gemu zenyewe zinatofautiana kwenye jambo ambalo matangazo hayaligusi: ukishakufa unarudishwa wapi, na umebaki na nini mkononi.

Nitazilinganisha hizo mbili, halafu nitachomeka ya tatu ambayo hakuiuliza, Cave Story, kwa sababu ni ya bure, na bila hiyo mazungumzo haya yangekuwa ya wenye pesa peke yao.

Kwa asiyeijua aina hii: unamtazama mhusika kwa ubavu, anakimbia kushoto na kulia, anaruka, anapiga. Hakuna hatua ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kuna ramani moja kubwa iliyosukwa kama mkeka. Unakuta mlango usiofunguka, unaona ukingo usioufikia, unaondoka zako. Saa mbili baadaye umeokota kifaa fulani, na ghafla unakumbuka: kule nyuma kulikuwa na mlango. Metroid ya kwanza ilitoka Japani mwaka 1986, na watu wakazipa gemu za ukoo huu jina la metroidvania, nusu kutoka kwake na nusu kutoka gemu nyingine ya zamani, Castlevania. Cave Story imeachana kidogo na ukoo, yenyewe inakupeleka mahali baada ya mahali kwa mpangilio, ila damu ni ile ile.

Tuanze na mfuko

Metroid Dread ilitoka tarehe 8 Oktoba 2021 kwa bei ya dola 60, na inachezwa kwenye Nintendo Switch tu (Switch 2 nayo inaipokea). Hapo ndipo wengi wetu tunaishia. Ukijumlisha mashine na gemu yenyewe, umefika kwenye pesa ya simu nzuri, na gemu za Nintendo yenyewe zina kawaida ya kukataa kushuka bei hata zikizeeka. Afadhali yake ni moja: inauzwa pia kwenye kadi. Kadi unaweza kuinunua kwa mtu aliyekwisha kuimaliza, ukaicheza, ukaiuza tena, na hukugusa bando.

Axiom Verge ilianzia PS4 mwezi Machi 2015, miezi miwili baadaye ikaja kwenye kompyuta, kisha ikasambaa hadi Xbox One na Switch. Ilianza na dola 20, na kwenye maduka ya mtandaoni hushushwa bei mara kwa mara, kwa hiyo mwenye subira hatoi zote. Michoro yake ni ya vitone vya kizamani. Kompyuta yangu ya kazini, ambayo hulalamika nikifungua majedwali mawili, inaicheza bila kelele.

Cave Story ya asili ilitolewa bure mwaka 2004 kwa ajili ya Windows, na bado ni bure. Ni megabaiti chache tu. Video moja ya harusi kwenye kundi la familia inakula bando kubwa kuliko hiyo. Angalia usichanganye: ipo pia Cave Story+, ambayo inauzwa, yenye michoro na muziki ulioboreshwa. Hadithi ni ile ile. Kama unaona aibu kucheza cha bure, nunua, lakini hakuna cha msingi utakachokikosa kwenye ile ya kwanza.

Na simu? Cave Story inawezekana kwenye Android kupitia RetroArch, programu ya kuchezea gemu za zamani. Nimejaribu. Dole gumba linafunika nusu ya pango, unaruka ukiwa umekusudia kupiga, unapiga ukiwa umekusudia kuruka. Kama simu ndiyo kifaa pekee ulicho nacho, tafuta pedi ya USB na ule waya mfupi wa kuichomeka kwenye simu, la sivyo utaichukia gemu isiyo na kosa.

Kwenye mabanda ya gemu mtaani usizitafute. Kule unalipia mechi, dakika zako zikiisha unampisha mwingine, na gemu ya kupekua ramani kwa saa kumi haiwezi kuishi kwenye kiti cha kupokezana. Hizi ni gemu za mtu na usiku wake.

Metroid Dread: kufa kwa sekunde

Samus Aran, mwindaji wa kulipwa aliyevaa deraya, anafuata roboti saba kwenye sayari ya ZDR. Roboti hao, wanaoitwa E.M.M.I., walitumwa kuhakiki kama kimelea hatari kiitwacho X bado kiko hai, wakanyamaza. Samus hajakaa sawa anapigwa na shujaa mmoja wa kabila la Chozo, anazinduka akiwa chini kabisa ya sayari, nguvu zake zimepukutika kama majani. Chombo chake kiko juu. Kazi ni kupanda.

Hadithi inaendelea pale Metroid Fusion ilipoishia mwaka 2002, na mwenye wazo ni Yoshio Sakamoto wa Nintendo, aliyekuwa nalo tangu enzi za Nintendo DS akaliweka kando kwa kuona mashine za wakati ule hazilimudu. Waliolifanya liwe kitu ni MercurySteam, studio ya Madrid, Hispania, pamoja na Nintendo. Nalitaja hili kwa sababu gemu yenyewe inaonyesha dalili za kitu kilichofikiriwa muda mrefu. Mwendo wa Samus sijauona kwingine. Anakimbia, anateleza chini ya kingo, anashika ncha ya ukuta na kujivuta, anampiga adui pigo la kujibu bila kusimama. Picha zinakwenda fremu 60 kwa sekunde na mwili wake unakujibu kabla hujamaliza kuamua. Kuna siku nilikuwa nazunguka maeneo niliyokwisha kuyamaliza, sitafuti chochote, nakimbia tu.

Sasa E.M.M.I. Kila mmoja ana eneo lake lenye ukungu na milango ya pekee. Ukiingia unamsikia kabla hujamwona, vidole vya chuma vikigonga sakafu na dari, naye pia anakusikia. Akikuona milango inajifunga. Akikukamata una nafasi mbili nyembamba mno za kujitetea, na wakati wake unabadilika kila mara ili usiukariri. Kwa kawaida unakufa.

Unarudishwa wapi? Nje ya mlango. Sekunde chache, na uko palepale, na mkononi una vilevile. Kwa mabosi, wale maadui wakubwa wa kila eneo, ni hivyohivyo: unaamkia mlangoni pa chumba cha bosi.

Ukarimu huu ndio nguvu ya Dread, na ndio udhaifu wake mkubwa pia. Nguvu, kwa sababu gemu inajua ni ngumu na haikupotezei muda. Bosi wa kwanza kabisa aliniua ndani ya nusu dakika. Mara ya nane nilimpita hajanigusa, na nilijua kilichobadilika ni mimi. Mapigano yake na mabosi ndiyo bora kati ya gemu hizi tatu, wala hakuna anayekaribia. Kila pigo lina dalili yake, kila dalili ina jibu lake, na yule wa mwisho ni kama mtihani wa taifa: kila ulichofundishwa kinaulizwa kwa wakati mmoja. Niliufeli zaidi ya mara ishirini.

Udhaifu, kwa sababu hofu haiishi mahali ambapo kufa hakugharimu kitu. E.M.M.I. wa kwanza alinitoa jasho. Wa nne nilikuwa namjaribu kama mtu anayejaribu funguo kwenye kufuli: naingia, nafa, sawa, kumbe ni kulia, naingia, nafa, kumbe ni juu. Gemu imeitwa kwa jina la woga, lakini woga wenyewe unachuja kama kanga ya bei rahisi. Na maeneo yao yote yanafanana, kijivu juu ya kijivu.

Jambo jingine ambalo wapenzi wa zamani wa Metroid watalinung'unikia, na mimi nimo: Dread inakushika mkono kwa siri. Unapita mahali, nyuma yako pananyamaza, mlango umefungwa au daraja limebomoka, na iliyobaki ni njia moja. Unaamini umeigundua. Umeswagwa. Kwa mgeni hiyo ni raha, hapotei, na ramani yake ni ya hali ya juu: inamulika eneo lenye kitu kilichofichwa, inakuonyesha milango ya aina moja ukiiomba. Kwa anayependa kupotea, ni kama kutembezwa mjini na mwenyeji asiyekuachia hata uchochoro mmoja.

Vitufe ni vingi. Kushikilia kimoja kulenga, kingine kubadili risasi iwe kombora, kubonyeza kijiti kukimbia kasi, kingine kujificha, na bosi hangoji. Mwenye mkono uliozoea pedi atazoea ndani ya saa mbili tatu. Asiyezoea ataona vidole havimtoshi. Muziki sina la kusema. Upo, na ukizima mashine huukumbuki.

Mwezi Februari 2022 waliongeza viwango viwili bila malipo: kimoja cha wanaoanza, ambapo vitu unavyookota vinakurudishia nguvu zaidi, na kingine cha wendawazimu ambapo mguso mmoja wa adui unakumaliza. Kile cha kwanza usikionee haya. Hadithi ni ile ile.

Axiom Verge: kufa bila kupoteza

Waliokulia kwenye gemu za TV za kaseti za njano watanielewa haraka. Unachomeka kaseti, picha inakuja imevunjika: Kontra yuko nusu, ukuta umegeuka herufi, anga limejaa vipande vya miguu. Unaitoa, unaipuliza, unairudisha, unaomba Mungu. Sasa kuna mtu alikaa akawaza: vipi kama kuvunjika kule kungekuwa silaha?

Mtu huyo ni Tom Happ, Mmarekani, aliyeitengeneza Axiom Verge peke yake. Programu yeye, michoro yeye, muziki yeye, hadithi yeye, kwa miaka mitano hivi. Mhusika wake, Trace, ni mwanasayansi. Mwaka 2005 maabara inalipuka jimbo la New Mexico, naye anazinduka mahali paitwapo Sudra, kwenye yai la chuma, mbele ya mashine kubwa zenye nyuso za kike ambazo zinajua mambo yake kuliko anavyoyajua mwenyewe. Si shujaa. Mara ya kwanza anapoambiwa aue, anabisha.

Silaha ninayoisema inaitwa Address Disruptor. Ukimmiminia adui, umbo lake linavurugika kama ile kaseti yenye vumbi, na tabia yake inageuka. Mkali anapoa. Aliyekuwa anakuzibia njia anakufungulia. Ukuta uliooza kwa vitone unatengenezeka ukawa ngazi. Kila adui mpya unayemwona swali la kwanza halihusu namna ya kumuua. Unajiuliza, huyu nikimvuruga atakuwa nani? Hakuna kitu chenye werevu huo ndani ya Dread yote, na Dread ilikuwa na kampuni mbili nyuma yake.

Vifaa vingine navyo vimefikiriwa. Badala ya kumkunja mhusika awe mpira kama Samus, Happ alimpa Trace kidroni anachokirusha kwenye matundu madogo, na baadaye Trace mwenyewe anahamia pale kidroni kilipofika. Badala ya kumpa mlango, alimpa koti la kupenya ukuta. Siku unayopata koti lile unatazama ramani nzima upya, kwa sababu kila ukuta mwembamba ulioupita umekuwa swali.

Ukifa? Unazaliwa upya kwenye lile yai la mwisho ulilopitia, na kila ulichookota na kila chumba ulichofungua unabaki nacho. Hadithi ina maelezo yake kuhusu kwa nini Trace hafi moja kwa moja, na maelezo hayo si ya kuchekesha; sitayatoa hapa. Unachopoteza ni miguu tu: kutembea tena. Wakati mwingine ni dakika moja, wakati mwingine dakika saba, na hakuna njia ya mkato ya kukurusha kutoka pembe hii hadi ile.

Mpangilio huo unazaa mchezaji wa namna nyingine. Kwa kuwa hupotezi ulichopata, unathubutu. Unaingia chumba kilichokuzidi, unanyakua kilichomo, unakufa kwa furaha. Wahenga walisema kupotea njia ndiko kujua njia, na Axiom Verge imeuchukua msemo huo kama kanuni. Haikuelekezi. Ramani inakuachia alama mbili za kuweka mwenyewe, basi. Jioni moja nzima nilizunguka Sudra nikigonga kuta kama fundi anayetafuta bomba, kumbe nilisahau kidroni kinapita mahali ambapo nilikuwa nasimama juu yake. Nilijitukana, lakini nilipofika ng'ambo nilikuwa nimefika mwenyewe.

Mtu ambaye jioni kama hiyo ingemkera asiinunue. Sisemi kwa dharau. Mwenye saa moja tu kwa siku, watoto wamelala na kesho kazini, hana wajibu wa kuitumia kugonga kuta.

Mabosi ndio aibu ya gemu hii. Ni wakubwa, wanajaza skrini, wamechorwa vizuri ajabu, halafu wanasimama. Unatafuta kona ambayo risasi zao hazifiki, unatulia hapo, unafyatua hadi wachoke. Mmoja wawili ni tofauti. Yule wa mwisho ni vurugu tupu, unashinda huku hujui umefanyaje. Silaha zimezidi idadi, ziko zaidi ya ishirini, na ukweli ni kwamba utatumia tatu: ile ya karibu yenye cheche, ile inayopasuka katikati ya safari unapobonyeza mara ya pili, na moja ya moyo wako. Ile kamba ya kuning'inia imenishinda hadi leo.

Muziki, hata hivyo! Mashine zinazoimba kwa sauti za watu, ngoma kavu, kitu kinacholia kama azana iliyorekodiwa chini ya maji. Happ angeuza muziki peke yake.

Kidokezo cha burudani: katikati ya gemu unapata kifaa cha kuandikia maneno ya siri. Andika JUSTIN BAILEY, neno ambalo wachezaji wa Metroid ya miaka ya 1980 walilipitisha mdomo kwa mdomo, uone Trace amevaa nini.

Cave Story: kufa kwa hasara

Nayo ni ya mtu mmoja, Daisuke Amaya wa Japani, anayejiita Pixel, na nayo ilimchukua miaka mitano. Tafsiri ya Kiingereza ya ile ya asili waliifanya mashabiki. Roboti asiyekumbuka chochote anazinduka pangoni kwenye kisiwa kinachoelea angani. Wakazi ni Mimiga, viumbe kama sungura, wapole, wanaopungua kila siku kwa sababu ya mtu mmoja anayeitwa Daktari na maua mekundu yanayowageuza kuwa wanyama wenye hasira. Ukitazama picha utadhani ni ya watoto. Ngoja.

Silaha zake zinapanda daraja kwa vijiwe vya manjano unavyookota kwa maadui waliokufa, na zinashuka daraja ukipigwa. Ina maana unapokuwa taabani ndipo bunduki yako inakuwa dhaifu. Ni ukatili wa makusudi, na unafundisha kukwepa kuliko somo lolote.

Hapa ukifa unarudi uliposevu, na kila kitu cha baada ya hapo kimekwenda. Vifaa, mazungumzo, bosi uliyemwangusha, vyote. Umeme ukikatika ukiwa kwenye kompyuta ya mezani, ni hivyohivyo, na sisi tunaujua umeme wetu. Mwishoni unapanda kukutana na wakubwa watatu mfululizo bila pa kusevu katikati. Wa tatu akikuua unarudi kwenye kijumba cha chini na kuanza na wa kwanza. Zaidi ya hapo kuna eneo la siri kwa ajili ya mwisho mzuri kuliko yote, na njia yake yote haina pa kusevu. Niliifikia. Sikuimaliza. Sina mpango.

Lakini kwa kuwa kupoteza kunauma, yanayotokea yanakaa moyoni. Gemu hii inakuwekea maamuzi bila kukuambia kwamba ni maamuzi. Kuna binti roboti anakuomba mbadilishane bunduki. Sawa, mpya inafyatua kama mvua, ila mzee mmoja uliyemchukulia ile ya zamani akiwa usingizini alikuwa na jambo la kukufanyia mbele ya safari. Kuna mahali mtu anaanguka mbele yako, na kila mwenye utu atakwenda kumtazama. Ukienda umekwisha kuukosa mwisho mzuri. Nilipolijua hilo nilikasirika kweli, na nadhani nilikuwa na haki: hakuna dalili yoyote, mtu wa kawaida hawezi kulibuni, analisoma mtandaoni tu. Hiyo ni kasoro hata kama mashabiki wanaiita ufundi.

Kasoro nyingine ni ndogo. Kule jangwani bibi mmoja anakutuma umtafutie mbwa wake watano, na unabeba mmoja mmoja, nenda rudi, nenda rudi. Kuruka kwenyewe kuna utelezi angani, na ukitoka kwenye Dread utajiona umevaa kandambili zenye sabuni.

Lugha

Hakuna hata moja yenye Kiswahili. Dread haisumbui: maneno ni machache, na macho yanakwambia pa kwenda. Cave Story ina mazungumzo mengi lakini mepesi, Kiingereza cha darasa la saba kinafika. Axiom Verge ndiyo mtihani. Majina ya maeneo yamekaa kama ya Sumeri ya kale, barua unazookota zimejaa fizikia na falsafa, na asiyesoma hizo barua ataona tu mtu mwenye bunduki anabishana na sanamu. Nilielewa mwisho wake mara ya pili, tena si wote.

Basi ipi?

Kama Switch unayo tayari, au unayo njia ya kuazima, na mikono yako inapenda kazi ngumu inayolipa haraka, chukua Dread bila kuwaza. Ni gemu iliyosafishwa kuliko hizi nyingine, na ndiyo pekee ninayoweza kumpa mtu asiyewahi kucheza ukoo huu, akaanza na kile kiwango chepesi. Kununua Switch kwa ajili yake peke yake, hapana. Nimeipenda, lakini ni saa kumi hivi, na ukiimaliza imekwisha.

Axiom Verge ni chaguo langu la moyoni na ndiyo ninayoirudia, ingawa mabosi wake wananichosha. Mwenye kompyuta ya kawaida, dola zisizofika ishirini na usiku mrefu wa mvua atanishukuru. Inunue ikiwa imeshushwa bei.

Cave Story ipakue leo hata kama utanunua nyingine kesho. Haikugharimu kitu zaidi ya usingizi. Sharti ni moja, kila ukikiona kile kisanduku chenye diski, sevu. Hata kama umesevu dakika mbili zilizopita.

Mpwa wangu hana Switch, na dola ishirini alisema atanisubiri mimi. Nikampa Cave Story kwenye flashi pamoja na pedi yangu ya zamani ambayo kitufe kimoja kinanata. Usiku ule ule akanitumia ujumbe: amekufa akiwa na mbwa wa nne mgongoni, alikuwa hajasevu tangu wa kwanza, na je, huyo bibi hawezi kwenda kuwatafuta mwenyewe. Nimemjibu kwa kicheko. Pedi, anasema, hajairusha bado.